Fuvu la Babu Kilelu

Mwadime alianza kuidharau nchi yake kabla hajaikanyaga. Chombo kilikuwa bado kinateremka juu ya nyika ya Voi, abiria wote wameshikilia viti, na yeye tayari alikuwa analalamikia rangi ya udongo.

"Nyekundu hivi?" alisema, akichungulia dirishani. "Sikumbuki ikiwa nyekundu hivi."

"Ilikuwa hivyo hivyo," alijibu mkewe, Mkawasi, bila kufumbua macho.

"Basi wangeifanyia kitu."

Binti yao, Mghoi, aligeuza uso ili asicheke. Kule kwenye Pete, ule mji mkubwa unaoizunguka dunia kama bangili, baba yake alisifika kwa hotuba zake juu ya milima ya Taita. Aliwaliza watu. Alisimulia ukungu wa asubuhi na harufu ya moshi wa kuni, na wasikilizaji ambao hawajawahi kuona jiwe lisilochongwa na mashine walitoa leso. Sasa moshi wenyewe ulikuwa unaingia kwenye matundu ya hewa ya chombo, naye alikuwa ameziba pua.

Walipotua, wahudumu waliwafunga viunzi vya chuma kuanzia kiunoni hadi kwenye nyayo. Kwenye Pete mtu ana nusu tu ya uzito anaokuwa nao duniani, na aliyezoea kule hawezi kusimama huku bila kusaidiwa. Mghoi, aliyezaliwa kule kule, alihisi kana kwamba kuna mtu mzima amempanda mabegani. Kila hatua viunzi vililia kama mbwa mdogo aliyekanyagwa.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa penye lango la kutokea aliwaona, akavuta kapu lake kando.

"Wepesi hao," aliwaambia wenzake kwa sauti ya kusikika. "Wapisheni. Wakianguka watavunjika, halafu tutaambiwa tumewavunja sisi."

"Hawa ndio watu wangu," Mwadime alisema, akitabasamu kwa meno yote, maana alikuwa ameleta kamera inayoelea nyuma yake ikirekodi safari yote. Kisha akaizima kamera na kusema, "Washenzi."

Gari la waya liliwapandisha mlimani. Huko juu palikuwa na baridi na kijani. Nyavu za kunasia ukungu zilitanda kutoka kilele hadi kilele, maji yakishuka kwenye mabomba hadi mashamba ya ngazi. Watu wa huko walikuwa wameshiba na wamevaa vizuri. Jambo hilo lilimuudhi Mwadime kuliko vumbi. Alikuwa amejiandaa kuwahurumia.

Dada yake mdogo, Wawuda, alikuwa ameketi barazani kwake katika kijiji cha Kirungu akimenya mihogo. Aliwatazama wakipanda ngazi, viunzi vikilia, hadi wakafika.

"Karibuni," alisema. "Ningeinuka kuwapokea, ila nimesikia huko juu kusimama ni kazi ya mashine."

"Wawuda, dada yangu," alisema Mwadime huku akihema. "Hujabadilika."

"Wewe umebadilika. Umekuwa mrefu kama mche uliokosa jua." Akamgeukia Mkawasi, na uso ukalainika kidogo. "Hujambo, wifi yangu? Pole na mume."

"Nimeshapoa," alisema Mkawasi.

Mghoi aliinama kadiri viunzi vilivyomruhusu. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye msomaji wa mafuvu?"

"Ndiye mimi."

"Unaonekana una akili zako. Kazi hiyo ulilazimishwa na nani?"

* * *

Usiku hawakukawia kufika kwenye jambo lililowaleta. Wawuda alikuwa amepika kimanga, yaani mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja. Mwadime alikigusagusa kwa ncha ya kijiko huku akieleza.

Baraza la Pete lilikuwa limepitisha sheria mpya. Kiti cha heshima atapewa yule tu ambaye mhenga wake alikuwa mmoja wa Waliokataa, wale watu wa zamani waliosimama mbele ya makampuni ya machimbo na kuzuia milima yao isichimbwe. Na haitoshi kusema. Lazima ulete sauti ya mhenga mwenyewe, iliyosomwa kwenye mifupa yake, ikae kando yako katika kisanduku cha kioo na kuzungumza.

"Na babu yetu Kilelu ndiye aliyewaongoza watu kuchoma mitambo ya machimbo hapa Kirungu," alisema Mwadime. "Kila mtu anajua. Kiti hicho ni changu, ni sauti tu imebaki."

"Kwa hiyo babu atakaa huko angani," alisema Wawuda, "akusemee wewe."

"Atazungumza na vizazi."

"Alipokuwa hai alikuwa hazungumzi na mtu. Muulize yeyote. Alikuwa akikaa pale nyuma ya nyumba ameutazama ukuta."

Mghoi aliyajua mambo ya Baraza kuliko baba yake, maana sauti nyingi za mle ndani alizitengeneza yeye. Kulikuwa na shujaa mmoja wa kutoka upande wa ziwa ambaye sauti yake mbichi haikuzungumzia kitu isipokuwa mbuzi aliyeibiwa na shemeji. Mbuzi asubuhi, mbuzi jioni. Familia ilikasirika. Basi sauti ikapigwa msasa, ndivyo walivyoiita kazi hiyo: ukatoa kikohozi, ukatoa mbuzi, ukatia uhuru na utu na heshima ya ardhi. Siku ya uzinduzi watu walisimama wakapiga makofi. Wafu waliofundishwa la kusema, na kando yao walio hai wasiokuwa na la kusema. Mghoi aliwadharau wote, na mshahara wake ulitoka kwao.

"Shangazi," alisema, "ni lazima nikuambie. Kazi hii ina sehemu mbili. Kwanza tunaligusa fuvu, na sauti inaamka kwa muda mfupi. Kisha, mfupa ukiwa bado una joto, tunavuna. Tukivuna, sauti inabaki milele, lakini fuvu linageuka unga. Tusipovuna likapoa, yaliyomo yote yanapotea na hayasomeki tena. Kwa sheria yetu ndugu wote walio hai lazima wakubali."

"Nimekubali."

Mghoi alishangaa. "Hivi hivi?"

"Mwanangu, baba yako hajaja hapa tangu tumzike mama yetu. Na hata siku hiyo alituma picha yake ya mwanga, ikasimama kaburini ikipepesuka kila upepo ukivuma. Leo amekuja na mwili wake. Mimi ni nani nimnyime babu yake?" Wawuda akatabasamu, akamjazia kaka yake kimanga ambacho hakukitaka. "Pango liko wazi. Kesho nawapeleka."

Tabasamu lile halikumpendeza Mghoi. Lakini mgongo ulikuwa unamuuma, na alitaka kulala.

* * *

Wahenga wa Kirungu walikaa chini ya mwamba ulioinama, mahali pasipofikiwa na mvua. Desturi ilikuwa ya kale. Iliachwa kwa miaka mingi, halafu wakati wa ukame mrefu watu wa mlimani wakairudia: mtu anazikwa, baadaye kichwa chake kinafukuliwa, kinaoshwa, kinaletwa hapa kukaa na wenzake. Yalikuwa mafuvu mengi, yamepangwa bega kwa bega kama watu waliopigwa picha ya ukoo.

Wawuda alipanda njia ile kwa mwendo wa kwenda dukani. Mwadime alisimama kila baada ya hatua chache, na kila aliposimama aliwasha kamera akasema kwamba anazisikia nyayo za mababu.

"Yule wa mwisho, mkono wa kulia," alisema Wawuda, akinyoosha kidole. "Aliyekaa mbali kidogo na wengine."

Mghoi alipiga magoti kwa shida, akafungua kisanduku chake. Alilivisha fuvu lile taji la nyuzi nyembamba, akaingiza sindano ya mwanga karibu na tundu la sikio, mahali penye mfupa mgumu kuliko yote mwilini. Meno hukua kwa tabaka, na kila tabaka limebeba maji aliyokunywa mtu, njaa aliyopitia, na hofu pia. Upande wa ndani wa fuvu una alama za ubongo uliokaa humo, kama kitanda kinavyobaki na umbo la aliyelala. Mashine huyakusanya hayo, huyajaza kwa lugha ya zama za mtu huyo, na kukisia yaliyobaki. Wataalamu wa Pete walibishana kama kinachoamka ni mtu au ni mwangwi wa mtu. Wakati wakibishana, biashara iliendelea.

Mwadime aliiweka sawa kola yake. Alikuwa ametayarisha hotuba ya kumpokea babu.

Taa ndogo ikawaka. Kisha sauti ikatoka kwenye spika, sauti ya kijana, yenye pumzi ya mtu aliyetoka kukimbia.

"Nani amefunga geti?"

Mwadime alipiga hatua mbele. "Babu Kilelu! Mimi ni Mwadime, mjukuu wako, nimevuka anga kuja..."

"Kilelu? Kilelu yuko wapi? Mwambieni nimefungua. Nilifungua kama tulivyokubaliana."

Mghoi aliinua kichwa. Matamshi yale hayakuwa ya mlimani. Yalikuwa ya watu wa Mto Tana, mapana na ya taratibu. Alimtazama shangazi yake, na shangazi alikuwa anatazama uso wa Mwadime, akingojea kitu kwa hamu, kama mtu aliyelipa kiingilio.

"Jina lako nani?" Mghoi aliuliza.

"Buya. Buya wa Komora. Mlinzi wa machimbo."

"Mashine yako imeharibika," alisema Mwadime.

"Haijaharibika, Baba."

Wawuda alicheka, kicheko kikubwa kilichogonga mwamba. "Vuna basi, kaka! Mpeleke Barazani! Umesafiri safari yote hiyo kuja kumchukua mlinzi wa geti!"

"Ulijua?" Mwadime aliuliza.

"Babu mwenyewe alikataa kuwekwa humu. Alisema nafasi yake ina mtu. Amelala shambani, chini ya migomba, hata jiwe hana, na mimea imeshamla mpaka meno. Ungetuuliza, ungeambiwa. Hukuuliza. Wewe huulizi, wewe unatangaza."

"Dada," sauti ilisema. "Kuna ugomvi?"

Ilimwita Mghoi. Yeye ndiye aliyezungumza nayo vizuri.

"Hapana, Buya. Niambie kuhusu Kilelu."

"Kilelu ni rafiki yangu. Watu wa hapa walikuwa wakinitemea mate pale getini, eti nalinda wezi wa mlima. Kilelu hakunitemea. Kila asubuhi uji, kwenye kata. Tukazoeana. Akaniambia, siku tukija wewe fungua tu, usifanye jingine. Basi wamekuja, nikafungua. Wakachoma mitambo. Mimi nimesimama pale nafurahi, dada, nafurahi kabisa, moto mkubwa. Kilelu akaja akanishika bega. Akasema, umeniona uso. Nikasema, si nakuona kila siku, tangu lini uso wako ukawa siri? Akasema, watakupiga mpaka uwataje wote. Nikasema sitaji mtu. Akasema najua. Akanishika bega hili la pili pia."

Kicheko cha Wawuda kilikuwa kimekatika zamani. Alikuwa amejishika shavu.

"Halafu sikumbuki," alisema Buya. "Saa hizi ni saa ngapi? Mbona giza? Nyumbani wanajua niko huku?"

* * *

Mwadime alimvuta binti yake kando, mbali na kipaza sauti. Alikuwa ameshatulia. Hilo ndilo lililomtisha Mghoi: baba yake hakuwa na haya wala huzuni, alikuwa anapiga mahesabu.

"Mfupa una joto bado?"

"Una joto."

"Vuna."

"Baba, yule si Kilelu."

"Kilelu hana sauti. Huyu anayo." Alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Ni mtu wa zama zile zile. Machimbo anayajua, moto anaujua, Kilelu mwenyewe anamjua vizuri kuliko sisi. Kilichobaki ni kumpiga msasa. Umewafanyia watu wangapi? Mtu wa mbuzi ulimfanya mwanafalsafa."

"Yule wa mbuzi sikumvika jina la mtu aliyemuua."

"Ni mlinzi, Mghoi. Mtu wa kusimama getini. Dunia ilimsahau siku ile ile, na mimi namtaka akae katika ukumbi mkubwa kuliko wote uliowahi kujengwa. Unadhani angekataa?"

Mghoi alizipima njia alizokuwa nazo. Asipovuna, Buya atazimika, na pamoja naye atazimika shahidi pekee wa jambo lililofanyika pale mlimani. Baba yake atarudi Pete aendelee na hotuba. Akivuna bila msasa, Baraza litaipiga marufuku sauti hiyo, na itafungiwa kwenye kabati la kumbukumbu, iko macho, ikiuliza saa ngapi. Akivuna na kupiga msasa, atakuwa amemuua mara ya pili, na safari hii muuaji atapigiwa makofi.

Katika kazi yake kulikuwa na kanuni moja waliyofundishwa siku ya kwanza: sauti iliyoguswa haiambiwi kwamba imekufa, na wala haiulizwi inataka nini. Eti bado si mtu. Mghoi alikuwa amewahi kuiona kanuni hiyo ya busara. Alirudi kwenye fuvu.

"Buya," alisema, "ulikufa siku ile. Zamani sana."

"Nilidhani hivyo," alisema Buya. "Mabega hayaumi. Mama yangu aliambiwa?"

"Sijui."

"Nimelala wapi?"

"Kwa akina Kilelu. Wamekuweka pamoja na wazee wao, kwa heshima."

Mashine haikuwa imetengenezwa kwa ajili ya kucheka. Kilichotoka kilikuwa kama gunia linalopasuliwa.

"Wamenifanya mtu wao? Waliniuliza?"

Wawuda alishusha macho.

"Naweza kukufanya ubaki," Mghoi alisema. "Utakuwa sauti. Lakini kuna watu wanaotaka kukubadilisha, mpaka useme kwamba wewe ndiye Kilelu."

"Mimi niwe Kilelu?"

"Ndiyo."

"Aniue, halafu nikae kwenye kiti nijiite jina lake?" Dharau iliyokuwa katika sauti ile Mghoi hakuwahi kuisikia kwa mtu hai, na alikuwa amelelewa na Mwadime. "Huyo aliyefikiri jambo hilo yuko hapo? Mwambie hata Kilelu alikuwa na aibu kuliko yeye."

"Lakini ukizimika, Buya, hakuna atakayejua ulifungua geti. Wala aliyekuua."

"Wewe si umejua?"

Mghoi alisogea karibu zaidi na fuvu.

"Zima, dada. Unipeleke kwetu. Ni mtoni, chini kidogo ya kijiji cha Ngao. Ulizia nyumba ya Komora mchonga mitumbwi. Uwaambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Usiwapelekee mashine."

"Vuna!" Mwadime alipaza sauti, akaanza kuja. Kitufe cha kuvuna kilikuwa juu ya kisanduku, chekundu, na mashine nzima ilikodishwa kwa jina lake. Mghoi alijitupa kukikinga, lakini viunzi vyake havikujua haraka. Mkono wa baba yake ulikuwa umeshakaribia.

Mkawasi alikuwa ameketi juu ya jiwe muda wote huo, kimya, kama alivyokuwa kimya katika hafla zote za mumewe. Aliinama tu, akachomoa pini iliyokuwa nyuma ya goti la Mwadime. Viunzi vikajifunga. Miguu ya Mwadime ikakauka kama miguu ya meza, akabaki amesimama mkono mbele, kidole kimepungua kidogo tu kukifikia kitufe, hawezi kusonga wala kuanguka.

"Mkawasi! Rudisha pini!"

"Nitairudisha," alisema Mkawasi. "Kwanza mfupa upoe."

"Hiki ni kiti changu! Ni chetu sote! Unajua nimeongea na watu wangapi?"

"Najua. Nilikuwepo. Kila mara ulisema huu mlima unaupenda." Alimtazama mumewe kama mtu anavyotazama kitu alichokinunua akiwa na haraka. "Tangu jana hujala hata kijiko kimoja cha chakula chake."

Mghoi aliweka kiganja juu ya fuvu. Alihisi joto likipungua.

"Buya, bado upo?"

"Nipo. Ule uji," alisema Buya, na sauti ilikuwa imeanza kuchakaa, "ulikuwa mzuri kweli. Hilo ndilo linaloniudhi."

Taa ikazimika. Mghoi alilitoa lile taji la nyuzi, akalikunja vibaya, akalitupa ndani ya kisanduku.

* * *

Mwadime aliondoka siku ile ile. Alishuka na gari la waya bila kuaga, kamera ikimfuata, na kabla hajatoweka walimsikia akieleza kwamba mila za mlimani zimemkataza kutoa babu yake pangoni, naye kama mwana wa mila ameheshimu.

Wawuda alimkuta Mghoi akilifunga fuvu kwenye kitenge.

"Sikujua aliuawa," alisema. "Nilijua ni mgeni, basi. Nilitaka baba yako aumbuke mbele ya kamera yake. Miaka yote hii anatusema huko kama wanyama wa mbugani."

"Kwa hiyo ukamwamsha maiti ili umcheke kaka yako."

"Wewe si unawaamsha kila siku?"

Lilikuwa kweli, na Mghoi alimchukia kwa kulisema. Walitazamana hivyo, shangazi na mpwa, kila mmoja akimwona mwenzake mdogo.

"Lete nimbebe mimi," alisema Wawuda mwishowe. "Nyinyi mtaanguka naye."

Wakasafiri wanawake watatu, wakashuka hadi nyikani na kukata kuelekea mashariki hadi kwenye mto. Joto la Tana lilikuwa zito kuliko chochote Mghoi alichowahi kubeba. Mto ulikuwa umehama mara nyingi tangu enzi za Buya, na vijiji vilikuwa vimehama nao, lakini jina la mchonga mitumbwi lilikuwa bado linajulikana. Watu walilitaja wakiangalia pembeni.

Waliyeelekezwa kwake alikuwa bibi aliyeitwa Hawayu, mtoto wa dadake Buya. Aliwakuta wamesimama uani kwake, wawili vyuma vyao vikilia na mmoja amekumbatia bonge la kitenge.

"Wepesi wawili na mtu wa mlimani," alisema. "Mmepotea, au mnauza kitu?"

"Shikamoo, Bibi," alisema Mghoi. "Tumemleta Buya wa Komora."

Hawayu hakuitikia salamu. Aliketi polepole kwenye kibao chake. Majirani walikuwa wameanza kusogea, wengine wakisimama penye uzio, wengine nyuma yao wakinyoosha shingo.

"Mama yangu alikufa akiitwa dada wa mwizi," alisema. "Walikuja watu wa machimbo hapa wakasema Buya aliuza funguo, akala pesa, akatoroka. Bibi yangu walimfukuza kanisani. Babu akaacha kuchonga, kwa sababu hakuna aliyenunua mtumbwi kwa baba wa mwizi. Sisi tumezaliwa tumekuta hivyo." Alinyoosha mikono. "Mleteni."

Wawuda alipiga magoti akamkabidhi. Hawayu alifunua kitenge, akatazama muda mrefu, akapitisha kidole gumba kwenye paji la fuvu kama anayemfuta mtoto jasho.

"Hakutoroka," Mghoi alisema. "Alifungua geti kwa hiari yake, bila malipo, ili mlima usichimbwe. Akauawa usiku huo huo."

"Na nani?"

Wawuda aliwahi kujibu. "Bibi, zilikuwa enzi za vurugu, watu walikuwa wengi..."

"Simuulizi huyo," alisema Hawayu bila kuinua macho. "Nakuuliza wewe, mrefu."

Mghoi alimtazama mama yake. Mkawasi hakumsaidia kwa neno wala kwa jicho.

"Aliuawa na Kilelu," alisema. "Babu wa baba yangu. Alikuwa rafiki yake. Tumekuja kutoka kwenye nyumba ya Kilelu."

Hawayu alilifunika fuvu tena, akaliweka mapajani, akaweka mikono yote miwili juu yake. Kisha akamwangalia Mghoi kuanzia viunzi hadi usoni, bila haraka, na usoni mwake hapakuwa na msamaha hata kidogo.

"Simama wima," alisema. "Useme tena, kwa nguvu. Walio nyuma hawajasikia."

Mghoi akajinyoosha, vyuma vikilia, akawageukia watu waliokuwa penye uzio, akasema tena.